Mwalimu wa fizikia yuko Dodoma, darasa liko Liwale: tuanze na nini?

Swali

Mimi ni mkuu wa shule ya sekondari ya kata katika Wilaya ya Liwale, Lindi. Mwalimu wetu pekee wa fizikia alihamishwa Februari. Nina wanafunzi 23 wa Kidato cha Tatu waliochagua somo hilo na hawana wa kuwafundisha. Mwalimu wa kemia tunaye, ila ana vipindi vingi. Mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye sasa anafundisha fizikia Dodoma, amejitolea kuwafundisha kwa video. Wazazi na wadau wamechanga shilingi milioni tatu. Kwenye bodi mmoja anasema tununue projekta, mwingine anataka ubao wa kisasa wa kugusa. Umeme tunao ila unakatika. Mtandao wa simu upo, siku nyingine 4G, siku nyingine haueleweki. Je, jambo hili linawezekana kweli, au tutapoteza pesa za watu? Na kama linawezekana, tuanze na nini?

Jibu

Mwalimu, linawezekana. Kwa wanafunzi 23 tena linawezekana vizuri kuliko kwa darasa la watoto 80. Ila umenitajia projekta, ubao wa kugusa, umeme na mtandao, na kuna mtu mmoja hujanitajia: yule atakayekuwa amesimama darasani wakati mwalimu wa Dodoma yuko kwenye runinga. Huyo ndiye wa kuanza naye. Hizo milioni tatu zikae benki kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu miradi ya namna hii ninayoijua iliyodumu ilijengwa juu ya walimu wawili. Uruguay ni mfano ninaoupenda, maana shida yao ilifanana na yako. Walitaka watoto wa shule za msingi wajifunze Kiingereza, na walimu wa Kiingereza hawakutosha. Mwaka 2012 walianza kwa majaribio na shule 20 tu. Programu hiyo, Ceibal en Inglés, waliiendesha kwa kushirikiana na British Council, na ndani ya miaka michache ilikuwa inafikia watoto wapatao 80,000. Mwalimu wa mbali anaweza kuwa Argentina, Uingereza au hata Ufilipino, na anaingia darasani kwa video mara moja tu kwa wiki, dakika 45. Vipindi vingine viwili vya wiki vinaendeshwa na mwalimu wa darasa, ambaye mara nyingi mwenyewe hajui Kiingereza cha kutosha kukifundisha. Anajifunza pamoja na watoto wake. Kila wiki walimu hao wawili wanazungumza na kupangana kabla ya kipindi. Mazungumzo hayo yamo ndani ya kazi yao, na ndiyo yanayoushikilia mpango wote.

Ghana walifanya jambo lililo karibu zaidi na mazingira yetu. Kuanzia mwaka 2013 mradi wa shirika la elimu la Varkey Foundation ulirusha masomo ya hisabati na Kiingereza kwa setilaiti kutoka studio ya Accra hadi shule za msingi za vijijini, zikiwa na paneli za sola, na watoto wakaweza kumuuliza mwalimu wa Accra papo hapo. Mradi huo ulitafitiwa vizuri: shule zipatazo 70 zilizopata masomo hayo zililinganishwa na nyingine ambazo hazikupata. Watoto walipanda katika hesabu na katika misingi ya kusoma. Mahudhurio hayakubadilika. Hilo la pili nakuomba ulishike, kwa sababu wajumbe wa bodi wengi hudhani runinga itawavuta watoro. Mwalimu wa kwenye kioo hajui kwamba Jumatatu wavulana wanne walibaki kwenye mikorosho. Anayejua ni mtu aliye hapo shuleni.

Na kule jimbo la Amazonas nchini Brazil, ambako tangu mwaka 2007 masomo ya sekondari yanarushwa kutoka Manaus kwenda vijiji ambavyo vingine hufikiwa kwa mashua tu, kila chumba cha darasa kina mwalimu wake aliye humo humo na wanafunzi.

Sasa, unasema mwalimu wa kemia ana vipindi vingi. Si lazima awe yeye. Si lazima hata awe wa sayansi, ingawa wa hisabati atakusaidia sana kwenye grafu na milinganyo. Kama mna kijana wa kujitolea aliyemaliza chuo na anasubiri ajira, huyo anatosha, mradi awe yule yule kila kipindi. Akibadilishwa kila wiki kufuata zamu, mpango utakufa ndani ya muhula mmoja. Na usimwachie monita. Monita anaweza kuwasha runinga, lakini hawezi kumwambia mwenzake afungue daftari na aanze upya swali alilonakili kwa jirani.

Kazi ya mwalimu huyu wa darasani ielezeke kwa maandishi na iingie kwenye ratiba kama kipindi chake halali, ihesabiwe kwenye mzigo wake. Robo saa kabla ya kipindi awe ameshawasha vifaa na kujaribu sauti. Wakati wa somo asikae nyuma akisahihisha madaftari ya somo lake. Atembee kati ya madawati, aone nani amekwama, amwambie mwalimu wa Dodoma: “Simama kidogo, watu wa dirishani hawajaelewa hatua ya tatu.” Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko ubao wa kugusa. Mwalimu wa mbali akiangalia kamera anaona nyuso 23 ndogo. Anaona nani amelala, haoni nani amekosea alama ya kutoa.

Pia wawili hao wawe na nusu saa ya simu kila mwisho wa wiki. Wapitie azimio la kazi, wakubaliane mada, mazoezi, na vifaa vitakavyohitajika mezani. Mlipie bando la simu hiyo kutoka kwenye mchango wenu. Isiwe fadhila ya mtu.

Tukija kwenye ratiba, tuseme una vipindi vinne vya fizikia kwa wiki, vya dakika 40. Usiviweke vyote kwenye video. Viwili viwe vya moja kwa moja na mwalimu wa Dodoma, kimoja cha maabara, kimoja cha mazoezi na mwalimu wa darasani. Muda wa video ni ghali na ni dhaifu, kwa hiyo utumike kwa jambo ambalo haliwezekani bila mtu mwenye fizikia kichwani: kueleza, kuuliza, kusikiliza jibu la mtoto na kulifuata mpaka lilipopotea. Notsi zisisomwe kwenye video hata siku moja. Zitumwe jioni ya siku iliyotangulia kwa WhatsApp kwa mwalimu wa darasani, zichapwe nakala chache au monita aziandike ubaoni wakati wa prepo. Nimekaa nyuma ya madarasa ambako mwalimu mzuri kabisa, yuko mbali, anasoma notsi na watoto wanaandika kwa dakika 35, halafu zinabaki tano za maswali na hakuna anayeuliza. Hapo redio ingetosha.

Vifaa. Naanza na sauti kwa sababu ndiyo inayovunja masomo mengi. Picha ikikwama kwa sekunde tano watoto wanavumilia. Sauti ikikatika neno moja katika kila sentensi, baada ya dakika kumi hakuna anayesikiliza. Na somo lenyewe linafundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao wameanza kusomea karibu masomo yote walipoingia Kidato cha Kwanza. Sauti mbovu juu ya lugha ngumu ni adhabu. Nunua spika mbili za kawaida zenye nguvu ya kutosha chumba, uziweke mbele, juu kidogo ya vichwa, na maikrofoni moja ya mkononi inayopita kwa wanafunzi. Ile maikrofoni iliyomo kwenye laptopu haifai. Itachukua viti vinavyoburuzwa, itachukua darasa la jirani, na itairudisha sauti ya mwalimu kwake mwenyewe kama mwangwi. Kanuni iwe moja: maikrofoni ya darasa imezimwa mpaka mtoto aishike na kusimama. Utashangaa jinsi kushika maikrofoni kunavyomfanya mtoto aseme jibu kamili.

Chumba kichague vizuri. Kama mna chumba chenye dari, kiwe hicho, hata kama ni kidogo, maana watoto 23 wanatosha. Chini ya bati tupu, mvua ikishika hakuna spika itakayoshindana nayo, na huko kusini sehemu kubwa ya muhula wa kwanza ni mvua. Kama hakuna dari, mwalimu wa Dodoma aandae mapema mazoezi ya kimya: bati likianza kulia, anaandika tu kwenye skrini, wanafunzi wanafanya, mwalimu wa darasani anapita. Kipindi hakipotei.

Kwenye ugomvi wa bodi, nitakuwa wazi: nunueni runinga. Projekta inataka giza, na madarasa yetu yana madirisha makubwa pande mbili na hayana mapazia. Saa nne asubuhi utaona kivuli cha picha tu. Taa yake inakufa, na kuipata nyingine ukiwa Liwale ni safari. Inakula umeme wati 200 hadi 300, wakati runinga ya LED ya inchi 55 kwa kawaida inakula chini ya nusu ya hapo. Ubao wa kugusa nao uacheni. Mwenye kuandika ni mwalimu aliyeko Dodoma. Wenu wa darasani ana chaki, na chaki haikatiki umeme.

Ila kuna hesabu ya runinga ambayo watu hawaifanyi. Kioo cha inchi 55 kina kimo cha sentimita 68 hivi. Ili mtu asome maandishi ya kawaida bila kukaza macho, asikae mbali kupita mara sita ya kimo hicho, yaani mita nne na kidogo. Darasa lina urefu wa mita nane au tisa. Kwa hiyo usiiweke runinga pale mbele ulipo ubao na kuacha madawati kama yalivyo. Iweke katikati ya ukuta mrefu, upange madawati nusu duara, safu tatu. Watoto 23 wanaenea. Na umwambie mwalimu wa Dodoma aandike kwa kalamu nene kwenye karatasi au ubao mdogo, mistari sita kwa ukurasa, si zaidi. Aandike huku wakimwona, hatua kwa hatua. Slaidi zilizojaa maneno hazimfundishi mtu kutatua mlinganyo.

Kamera ziwe mbili. Ya kwanza inaangalia darasa, imewekwa karibu na runinga ili wanafunzi wakimtazama mwalimu naye aone wanamtazama. Ya pili ni simu ya kawaida ya shule yenye kamera nzuri, kwenye stendi inayoangalia chini mezani. Chini yake mtoto anaweka daftari lake, na mwalimu wa Dodoma analisoma kama amelishika mkononi. Ukiniambia nichague kati ya kamera ya darasa na hii ya daftari, nachukua ya daftari.

Nikupe picha ya kazi yake. Siku ya jaribio la penduli mwalimu wa darasani amegawa makundi matano: uzi, jiwe dogo, vipande viwili vya mbao vya kubana uzi, rula ya mita, na saa ya kuhesabia sekunde. Uzi wa sentimita 50, mbembeo 20. Makundi manne yanaleta sekunde 28 na pointi, kundi la tano linaleta 14.2. Mwalimu wa Dodoma anaona jedwali lao chini ya simu ile. Uzi wa nusu mita unatumia takriban sekunde 1.42 kwenda na kurudi, kwa hiyo mara ishirini ni kama sekunde 28.4. Kundi hilo limepata nusu yake kamili, na yeye tayari anajua kwa nini. Lakini hawaambii. Anasema: “Leteni penduli yenu mbele ya kamera, mhesabu kwa sauti.” Wanaanza: moja inakwenda, mbili inarudi. Darasa zima linasikia. Mmoja wao anajisahihisha kabla mwalimu hajafungua mdomo. Hilo ni fundisho ambalo hakuna video ya kurekodiwa ingewapa, na lilihitaji watu wawili: mmoja wa kuandaa nyuzi na mbao, mwingine wa kujua maana ya 14.2.

Ndiyo maana nimesema kipindi cha maabara kisiachwe. Mtihani wa Kidato cha Nne una karatasi ya vitendo, na pale mtoto atakuwa peke yake na vifaa. Akiwa ameangalia tu majaribio kwenye runinga kwa miaka miwili, mikono yake haitajua la kufanya. Vifaa vingi vya makanika na mwanga vinaweza kutengenezwa hapo hapo. Vya umeme mwalimu wa kemia atakusaidia kujua nini kipo kabatini na nini cha kuazima shule ya jirani.

Mtandao: usimwamini mtu anayekwambia “hapa 4G ipo.” Kwa wiki mbili, mwalimu wa darasani asimame ndani ya chumba hicho hicho, saa ile ile ya kipindi, na apime kasi kwa simu kwa laini za mitandao yote inayoshika hapo. Aandike kasi ya kupakua na ya kupakia. Watu husahau ya kupakia, na ndiyo inayokuwa dhaifu mbali na mnara. Bila hiyo nyie mnamwona mwalimu, yeye hawaoni. Kwa picha inayoeleweka tafuta angalau megabiti moja kwa sekunde kila upande, iwe imetulia. Afadhali moja iliyotulia kuliko kumi inayoruka. Ruta ya laini ikae dirishani upande wa mnara, au mpandishie antena kwenye nguzo, na wakati wa kipindi simu za walimu zisiungwe humo. Vipindi vya video viwe asubuhi. Kuanzia jioni watu wote wa mnara huo wako mtandaoni.

Gharama inahesabika. Megabiti moja kwa sekunde kila upande, kwa dakika 40, ni kama megabaiti 600. Vipindi viwili kwa wiki ni gigabaiti 1.2, ongeza simu ya mwisho wa wiki na picha za madaftari, weka 2. Kwa wiki zipatazo 40 za masomo ni gigabaiti 80 kwa mwaka. Pigeni bei ya bando la sasa, mtenge pesa hiyo ya mwaka mzima siku ya kwanza, kwenye mstari wake, kabla ya kununua runinga. Vifaa vingi vya shule vimefunikwa vitambaa kwa sababu pesa yote iliishia dukani na ya bando haikubaki. Kuhusu programu ya mkutano, ya bure inatosha. Jueni tu kwamba Zoom isiyolipiwa inakata baada ya dakika 40, kwa hiyo vipindi viwili mfululizo vitakatikia katikati.

Siku mtandao ni mbaya, zimeni picha, mbaki na sauti. Sauti peke yake inapita kwa kilobiti 100 kwa sekunde, hata kwenye 3G. Mwalimu wa darasani anakuwa ameshapokea kurasa za siku hiyo kama picha na ameziweka kwenye runinga, na mwalimu wa Dodoma anasema tu: “Tazameni ukurasa wa pili, mchoro wa chini.” Somo la namna hii linakwenda vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Na siku hakuna kabisa, kuwe na bahasha. Naam, bahasha ya karatasi, yenye mazoezi ya vipindi vitatu yaliyochapwa, ofisini kwa mtaaluma. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima, Dar es Salaam yenyewe ikiwemo. Shule ya Liwale haiwezi kujikinga na jambo kama hilo kwa kununua ruta bora.

Umeme: runinga, laptopu, ruta na spika kwa pamoja havizidi sana wati 200. Betri moja ya ampea-saa 100 (Ah 100) ya volti 12 ina wati-saa 1,200. Kama ni ya asidi, usitumie zaidi ya nusu yake usije ukaiua. Hiyo nusu inakupa saa tatu, yaani vipindi vyako vyote vya wiki hata umeme usiporudi. Betri, inveta ndogo na chaja yake, basi. Sola subirini.

Mwalimu wa Dodoma naye aandaliwe, hata kama ni hodari. Darasa la video linamnyima mambo mengi aliyoyazoea: mnong'ono unaomwonyesha hawajaelewa, mkono ulioinuka nusu. Akiuliza “Mmeelewa?” atajibiwa “Ndiyooo” na darasa zima, na hatajua lolote. Mpe mchoro wa viti wenye majina, kila mtu mahali pake, na kila kipindi aite kwa jina wanafunzi wasiopungua wanane, wakiwemo wale wa pembeni. Akishauliza, ahesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla ya kusema tena, kwa sababu sauti inachelewa njiani, na mtoto anahitaji muda wa kupanga Kiingereza chake. Awaruhusu waeleze wazo kwa Kiswahili kwanza, kisha waliandike kwa Kiingereza. Na kama kuna uwezekano wowote, aje Liwale mara moja mwanzoni, hata kwa siku mbili, ashike mikono yao, aone chumba na kabati la maabara. Nauli yake ilipwe na mchango kabla ya stendi ya kamera. Watoto wanamjibu tofauti mtu waliyewahi kumwona.

Kuna mambo ya ulinzi ambayo hayana mjadala. Mwalimu wa mbali asiwe na namba za wanafunzi wala mawasiliano nao ya faragha. Kila kitu kipite kwenye simu ya shule, iliyo mikononi mwa mwalimu wa darasani. Kipindi kisifanyike bila mtu mzima chumbani. Kama mtarekodi, wazazi waambiwe kwenye mkutano na waridhie, na rekodi zibaki shuleni. Mwandikie pia Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri yako mapema kuomba kibali, na mwalimu wa Dodoma amjulishe mkuu wake wa shule, ili vipindi vyenu visigongane na vyake na asije kusumbuliwa baadaye kwa wema wake.

Anzeni na Kidato cha Tatu hawa peke yao. Najua utashawishika kuongeza Kidato cha Kwanza na cha Pili, ambako madarasa yamejaa. Msifanye hivyo mwaka huu. Baada ya wiki sita wapeni jaribio lililotungwa na mwalimu wa Dodoma, lisahihishwe naye kwa picha za karatasi zao, mlinganishe na alama zao za mwisho za Kidato cha Pili. Kama hazijasogea, kabla ya kulaumu mtandao, angalieni kwanza daftari la maandalizi: ile nusu saa ya simu ya mwisho wa wiki ilifanyika mara ngapi?

Na jambo moja la ofisini, ambalo mimi naliona zito kuliko runinga. Kila unapojaza taarifa ya ikama ya watumishi, andika wazi kwamba shule haina mwalimu wa fizikia. Usiandike kwamba somo linafundishwa kwa njia ya mtandao ukaishia hapo. Mtu aliyeko makao makuu akisoma hivyo ataona pengo limezibwa, na mwalimu atapelekwa kwingine. Andika sentensi mbili: upungufu ni mwalimu mmoja wa fizikia, kwa sasa wanafunzi 23 wanasaidiwa kwa video na mwalimu wa kujitolea. Ambatisha na alama za lile jaribio la wiki ya sita.